Leseni, Mwalimu na Mtihani

Mwaka 1985, katika mji wa Lüneburg kaskazini mwa Ujerumani, kijana wa miaka 16 aitwaye Marco Börries alianzisha kampuni yake. Aliipa jina la Star Division, na bidhaa yake ya kwanza ikawa StarWriter, programu ya kuandikia barua na ripoti. Wenzake wa rika lake walikuwa wakijiandaa kwa mitihani ya shule. Yeye alikuwa akitafuta wateja. Biashara ikashika. Kadiri miaka ilivyokwenda StarWriter iliongezewa lahajedwali, programu ya kuandalia mawasilisho na ya kuchorea, na mkusanyo mzima ukauzwa kwa jina la StarOffice.

Soko lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Microsoft Office ilitolewa mwaka 1989 kwa kompyuta za Macintosh na mwaka 1990 kwa Windows, na kabla muongo wa 1990 haujakwisha ilikuwa imewasukuma kando wakongwe wawili waliowahi kutamba: WordPerfect katika kuandika na Lotus 1-2-3 katika hesabu. Aliyetuma barua aliituma kwa Word, na aliyeipokea alilazimika kuwa na Word ili aisome. Nguvu hiyo haikutokana na ubora wa programu peke yake. Mafaili ya Word ya wakati huo, yale yanayoishia na .doc, yalihifadhiwa kwa mpangilio ambao kampuni iliutunza yenyewe. Mshindani aliyetaka programu yake iyafungue ilibidi akisie kipande kwa kipande.

Ndipo ikaingia Sun Microsystems ya California. Kampuni hiyo ilitengeneza seva na kompyuta zenye mfumo endeshi wake yenyewe, Solaris, lakini wafanyakazi wake, waliokaribia 42,000, walihitaji pia kompyuta za Windows kwa kazi za ofisi. Simon Phipps, aliyekuwa ofisa wa Sun, alieleza baadaye kwamba hesabu ilipopigwa ilionekana ni nafuu kuinunua kampuni nzima inayotengeneza programu za ofisi kuliko kununua leseni 42,000 za Microsoft. Mwaka 1999 Sun ikainunua Star Division kwa takriban dola milioni 73.5. Julai 2000 ikatangaza kwamba msimbo wa StarOffice, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji wake, utawekwa hadharani, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo ukawekwa kweli. Mradi ukaitwa OpenOffice.org. Toleo la 1.0 lilitoka mwanzoni mwa Mei 2002, na tangu hapo yeyote duniani aliruhusiwa kuipakua programu, kuitumia, kuigawa kwa wengine na kuirekebisha.

Hesabu ile ya Sun ndiyo iliyokuja kupigwa na wizara za elimu nchi baada ya nchi. Shule ina kompyuta nyingi kuliko pesa. Ina watoto ambao baada ya miaka michache watakuwa makarani, wahasibu na wakuu wa idara, na kila mmoja ataomba kazini programu aliyoizoea darasani. Kwa hiyo ugomvi wa programu za ofisi, ulioanza kama ugomvi wa kampuni mbili, ulifika shuleni mapema sana, na huko ndiko ulikoonyesha sura yake halisi.

Faili lililo wazi

Kabla ya kuingia darasani inafaa kukitazama kwa karibu kitu kimoja. Chukua faili la OpenOffice linaloishia na .odt, libadilishe jina liishie na .zip, kisha ulifungue. Ndani utakuta mafaili madogo ya maandishi ya kawaida. Lile la content.xml limebeba maneno yenyewe, la styles.xml limebeba mitindo ya herufi na aya, na la meta.xml limebeba kumbukumbu kama tarehe ya kuandikwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulifungua content.xml kwa programu yoyote ya maandishi na kuisoma insha yake mwenyewe katikati ya alama. Hata kama kampuni zote zilizoitengeneza programu hiyo zingefungwa kesho, insha ile ingesomeka.

Mpangilio huo, unaoitwa OpenDocument, ulipitishwa na shirika la viwango la OASIS Mei 2005, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa kwa namba ISO/IEC 26300. Microsoft nayo ilifuata njia ya namna hiyo katika Office 2007: faili la .docx ni zip yenye mafaili ya XML ndani yake. Mpangilio wake ulipitishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2008 baada ya mvutano mkali. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa, na rufaa zikatupwa. Shule hazikuwa na kiti katika vikao hivyo, lakini ndizo zilizolipia matokeo yake: mwalimu aliyeandaa mtihani kwa programu moja na kuufungua kwa nyingine alikuta majedwali yamehama na namba za maswali zimevurugika, na lawama akaitupia programu ya bure.

Zawadi na masharti yake

Mwaka 2002 Microsoft ilijitolea kuzipa shule zote za serikali za Afrika Kusini, zaidi ya 32,000, programu zake bila malipo. Ilikuwa zawadi kubwa, na serikali ya Rais Thabo Mbeki iliipokea kwa shukrani. Waliokuwa wakiuza au kuweka programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kama wa OpenOffice, waliona mlango unafungwa. Nani angesikiliza habari ya programu ya bure iliyo ngeni kwake wakati ile inayojulikana na kila mtu imekuwa bure pia?

Jirani yake, Namibia, ilijibu tofauti. Huko kulikuwa na SchoolNet Namibia, asasi iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiongozwa na Joris Komen. Kazi yake ilikuwa kuzifikishia shule kompyuta na intaneti, zikiwemo za vijijini ambako umeme ulitoka kwenye jua na mawasiliano yalipita kwa redio. Ilikusanya kompyuta zilizotumika, vijana waliojitolea wakazikarabati, zikawekewa mfumo endeshi huria wa Linux na programu huria za ofisi. Kompyuta moja yenye nguvu iliendesha maabara nzima, na zile za zamani zikabaki kuwa skrini na kibodi tu.

SchoolNet nayo iliahidiwa zawadi ya Microsoft Office. Komen aliikataa hadharani. Sababu yake ilikuwa ya hesabu: Office ingetolewa bure, lakini Windows ya kuiendeshea ingepaswa kununuliwa, na bei ya Windows ilizidi thamani ya zawadi yenyewe. Aliyepokea angetoa pesa ili apewe. Kisha SchoolNet ikatoa hadithi ya katuni iitwayo Hai Ti!, iliyosambazwa pamoja na gazeti, ambamo wanafunzi na walimu wa shule ya kubuni walijifunza kutumia kompyuta za Linux hatua kwa hatua. Huo ulikuwa ubunifu wa watu waliojua kwamba mwalimu wa kijijini hatasoma mwongozo wa kurasa 300.

Afrika Kusini kwenyewe hawakukaa kimya. Wakfu wa Mark Shuttleworth, mfanyabiashara aliyekuja kuanzisha Ubuntu, mfumo wa Linux, mwaka 2004, ulijenga katika jimbo la Western Cape maabara za shule zilizoitwa tuXlabs, zenye programu huria tupu. Nalo kundi la Translate.org.za, likiongozwa na Dwayne Bailey, likaitafsiri OpenOffice kwa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati huo nchini humo.

Nchini Hispania hatua kama hizo zilianza mwaka huo huo wa 2002. Extremadura, mkoa wa mpakani na Ureno na mmoja wa mikoa maskini zaidi ya nchi hiyo, uliamua kuweka katika shule za sekondari kompyuta moja kwa kila wanafunzi wawili. Serikali ya Juan Carlos Rodríguez Ibarra ilipopiga hesabu ya leseni iliona haiwezi, ikatengeneza mfumo wake kutokana na Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, na kuuita gnuLinEx. Ili watoto wauone kuwa wao, programu zilipewa majina ya watu mashuhuri wa mkoa: ya kuandikia ikaitwa Espronceda, kwa jina la mshairi, na ya picha ikaitwa Zurbarán, kwa jina la mchoraji. Andalucía, mkoa jirani wenye watu wengi zaidi, ukafuata na Guadalinex. Kwa muda Extremadura ilitembelewa na wajumbe kutoka nchi nyingi, kila mmoja akitaka kuona maajabu ya mkoa maskini uliotangulia matajiri.

Mwalimu mkuu wa Sepych

Nchini Urusi mambo yalianzia mahakamani. Sepych ni kijiji cha mkoa wa Perm, karibu na milima ya Ural. Mwaka 2006 wapelelezi walikagua kompyuta za shule ya kijiji hicho na kukuta 12 kati yake zina nakala za wizi za Windows na Office. Mwalimu mkuu, Alexander Ponosov, alishtakiwa. Upande wa mashtaka ulidai Microsoft imepata hasara ya rubli zipatazo 266,000, na kosa lenyewe lingeweza kumfunga hadi miaka 5. Ponosov alieleza kwamba kompyuta zililetwa na mzabuni zikiwa tayari zimewekewa programu, na yeye, mwalimu wa kijijini, hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Kesi ikavuma nchi nzima. Februari 2007 Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti, alitia saini barua ya wazi akimsihi Bill Gates amwonee huruma mwalimu huyo. Microsoft ikajibu kwamba si yenyewe iliyofungua mashtaka na kwamba jambo liko mikononi mwa vyombo vya Urusi. Rais Vladimir Putin alipoulizwa na waandishi wa habari alisema hadharani kwamba kumshtaki mtu wa namna hiyo ni upuuzi. Mahakama ya wilaya ikaitupa kesi kwa hoja kwamba jambo lilikuwa dogo mno. Ponosov hakuridhika, kwa kuwa uamuzi huo haukumtangaza kuwa hana hatia, naye akakata rufaa, kama walivyofanya waendesha mashtaka. Kesi ikasikilizwa upya. Mei 2007 akatiwa hatiani na kutozwa faini ya rubli 5,000. Alizidi kupigania jina lake, na Desemba 2008 akaachiwa huru kabisa. Mwaka huo huo alishiriki kuanzisha kituo cha kueneza programu huria.

Hofu iliyoenea katika shule za Urusi baada ya Sepych ilifanya kazi kubwa kuliko mikutano yote ya wapenzi wa Linux. Serikali iliagiza mfumo wa kitaifa wa programu huria kwa shule, na mwaka 2008 ukajaribiwa katika mikoa 3: Perm, Tatarstan na Tomsk. Lakini wakati huo huo serikali ililipia leseni za programu za kibiashara kwa shule nchi nzima kwa muda wa miaka 3. Mkuu wa shule akawa na masanduku mawili mezani: moja lenye programu asizozijua na lingine lenye zile zile alizozizoea, safari hii zikiwa halali. Si vigumu kukisia wengi walifungua lipi.

Microsoft nayo iliusoma upepo. Aprili 2007, akiwa Beijing, Bill Gates alitangaza kwamba serikali zitakazowanunulia wanafunzi kompyuta zitauziwa mkusanyo wa Windows na Office kwa dola 3 kwa kila kompyuta. Bei hiyo haikuwapo kabla ya OpenOffice. Hata shule ambazo hazikuwahi kuifungua OpenOffice zilinufaika nayo, maana mshindani wake alilazimika kushusha bei ili asiachwe.

Kerala: mahali ilipoota mizizi

Mradi wa Namibia haukudumu. Wa Extremadura ulipoa baada ya mwaka 2011, serikali ilipobadilika na nchi ikiwa katika msukosuko wa uchumi. Wa Urusi ulimezwa na leseni zilizolipiwa. Mahali ambapo programu huria ziliingia shuleni na kubaki ni Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kerala ni jimbo linalojivunia shule. Mwaka 1991 lilitangazwa kuwa limefuta ujinga wa kutosoma, na sensa ya 2001 ilionyesha zaidi ya asilimia 90 ya watu wake wanajua kusoma na kuandika. Ni jimbo la vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, vikiwemo vya walimu. Mwaka 2001 serikali ilianzisha mradi wa IT@School ili somo la kompyuta lifike katika sekondari zote za umma. Mwaka huo huo Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alizindua tawi la India la Free Software Foundation katika makao makuu ya jimbo, Thiruvananthapuram.

Mwanzoni hakuna kilichoashiria mapinduzi. Kitabu cha somo na mafunzo ya walimu vilitegemea Windows na Office. Waliopinga kwanza walikuwa walimu wenyewe. Chama chao kikubwa, KSTA, kiliuliza kwa nini fedha za umma zitumike kuwafundisha watoto wote bidhaa ya kampuni moja, na wanachama wake wakaanza kujifunza Linux kwa muda wao wenyewe. Serikali ikakubali kwanza programu huria zifundishwe sambamba na zile za kibiashara. Mwaka 2005 somo hilo lilipoingia katika mtihani wa SSLC, ule wa kumaliza darasa la 10, shule ziliruhusiwa kuchagua. Serikali ya mrengo wa kushoto ilipoingia madarakani mwaka 2006 uamuzi ukakamilishwa, na katika miaka michache mtihani wa vitendo ukawa wa programu huria pekee.

Hapo ndipo kiini cha historia hii kilipo. Mtihani ukibadilika, kila kitu hubadilika nao. Mtahiniwa wa Kerala hukaa mbele ya kompyuta ya shule yake, huandaa maandishi kwa programu ya ofisi iliyo huria, hupanga alama za darasa katika lahajedwali, huchora kwa Inkscape au GIMP, na katika hisabati hupima pembe kwa GeoGebra. Mzazi anayemtakia mwanawe alama nzuri huiweka programu hiyo nyumbani, maana hainunuliwi na hakuna polisi atakayeikagua. Wachapishaji wa vitabu na vituo vya masomo ya ziada hufuata. Fundi wa mtaani naye hujifunza, kwa kuwa wateja wanamjia nayo.

Jambo la pili ni mafunzo. Mradi haukumwajiri mtaalamu kila shule. Ulichukua walimu wa masomo ya kawaida, wa fizikia, wa hisabati, wa lugha, ukawafanya wakufunzi, nao wakawafundisha wenzao wilaya kwa wilaya. Kila shule ikawa na mwalimu mmoja mwenye dhamana ya maabara. Kompyuta ilipogoma, aliyeitwa alikuwa mtu wa chumba cha walimu, anayejua ratiba na anayejua watoto. Kasoro za mfumo zilizoripotiwa na walimu zilirekebishwa katika toleo lililofuata, jambo lisilowezekana kwa programu ambayo msimbo wake umefungiwa ng'ambo.

La tatu ni lugha. Kimalayalam kina herufi zake, na kompyuta za miaka ile ziliziandika kwa tabu. Wapenzi wa lugha hiyo waliungana tangu 2002 katika kundi la Swathanthra Malayalam Computing, wakatengeneza fonti, mipangilio ya kibodi na tafsiri. Kazi yao iliingia moja kwa moja katika mfumo wa shule, ikatumiwa na mamia ya maelfu ya watoto.

Mwaka 2017 IT@School iligeuzwa kuwa kampuni ya serikali, KITE, chini ya K. Anvar Sadath, aliyekuwa akiuongoza mradi. Mwaka uliofuata vilianzishwa vilabu vya wanafunzi viitwavyo Little KITEs, ambavyo wanachama wake husaidia kutunza maabara na kuwawekea wengine programu. Mei 2019, toleo jipya la mfumo wa shule, uliojengwa juu ya Ubuntu 18.04, lilipokuwa likiwekwa katika kompyuta zaidi ya 200,000, KITE ilieleza hesabu yake: kama programu zote zilizomo zingekuwa za kibiashara, kila kompyuta ingegharimu rupia zipatazo 150,000 za leseni, yaani jumla ya rupia bilioni 30. Hata msomaji akiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, kwa hoja kwamba shule hupewa punguzo, inabaki pesa ambayo jimbo hilo liliweza kuielekeza kwenye mashine na walimu.

Dar es Salaam, Desemba 2004

Kiswahili kina sura yake katika historia hii, tena ya mapema. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa kompyuta wakishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 walianzisha mradi wa Kilinux wa kuziweka programu huria katika Kiswahili. Walikusanya istilahi, wakatafsiri menyu, ujumbe wa makosa na maelezo ya msaada, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, OpenOffice kamili iliyozungumza Kiswahili. Microsoft ilikuwa imetangaza katikati ya mwaka huo huo mpango wake wa kuzitoa programu zake kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha yetu ilipata kutoka pande zote mbili, na ushindani ulikuwa na mchango wake.

Kazi ya Jambo OpenOffice ilikuwa ya heshima na haikupaswa kuishia ilipoishia. Ilikosa vitu viwili ambavyo Kerala ilikuwa navyo. Hapakuwa na mtihani wa kitaifa ulioihitaji, na hapakuwa na jeshi la walimu lililofunzwa kuitumia. Shule zenye maabara ziliendelea na Windows na Word, mara nyingi kwa nakala alizoweka fundi bila leseni yoyote. Vyuo vya mitaani kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi River Road, Nairobi, viliendelea kutangaza kozi zile zile: Windows, Word, Excel, Access, PowerPoint, intaneti. Mwajiri akaandika hayo katika tangazo la kazi, na mzazi akalipia hayo.

Nchini Kenya, somo la kompyuta katika KCSE lina mtihani wa vitendo, karatasi ya 451/2, ambamo mtahiniwa huandaa nyaraka, lahajedwali au hifadhidata kwenye kompyuta. Kinachopimwa ni ujuzi: kupanga aya, kuunda fomyula, kuunganisha majedwali. Ujuzi huo unapatikana katika programu huria pia. Lakini mwalimu aliyefundishwa Access chuoni atafundisha Access, na hakuna waraka unaoweza kumbadilisha bila kumpa mafunzo na muda.

Tuwe wakweli kwa upande wa pili. Programu za Microsoft ni nzuri, zinafahamika, na kijana anayezijua huajirika kwa urahisi zaidi katika ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam. Nyaraka tata bado huvurugika zikihamishwa. Serikali inayochagua programu huria kwa kudhani haitatoa hata senti inajidanganya, maana fedha iliyookolewa kwenye leseni lazima ipelekwe kwa mwalimu. Isipopelekwa, maabara hufungwa kwa kufuli na vumbi hukaa juu ya skrini.

Bure ya aina nyingine

Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun. Watengenezaji wengi wa OpenOffice, wakihofia mustakabali wake, walijitenga tarehe 28 Septemba mwaka huo na kuunda The Document Foundation, na kazi yao ikaitwa LibreOffice. Toleo lake la kwanza lilitoka Januari 2011. Hiyo ndiyo inayopatikana leo katika mifumo mingi ya Linux. Mmiliki alibadilika, kampuni mama ikatoweka, na programu ikaendelea, kwa sababu msimbo wake ulikuwa mikononi mwa umma.

Wakati huo ushindani ulikuwa umehamia kwingine. Tangu 2006 Google ilizipa shule huduma zake za ofisi kwa njia ya intaneti bila malipo, na mwaka 2014 ikaongeza Classroom, huduma ya kuendeshea madarasa. Microsoft ikafanya vivyo hivyo na Office 365. Leseni ikawa bure, lakini insha, alama na majina ya watoto vikahamia kwenye seva za kampuni. Ulaya ilishtuka. Julai 2022 mamlaka ya Denmark ya kulinda taarifa binafsi iliizuia manispaa ya Helsingør kutumia huduma za Google katika shule zake. Novemba mwaka huo wizara ya elimu ya Ufaransa ilieleza kwamba shule zisitumie matoleo ya bure ya huduma za Microsoft na Google, kwa sababu za sheria za ununuzi wa umma na za taarifa binafsi. Swali lililoulizwa na Komen kule Namibia, ni nini hasa kinacholipwa pale zawadi inapopokewa, lilirudi likiwa limevaa nguo mpya.

Historia hii ya miaka arobaini inatoa somo ambalo wizara zetu za elimu zinaweza kulitumia bila kusubiri mfadhili. Mtihani utaje ujuzi, usitaje bidhaa, na mtahiniwa aruhusiwe kuuonyesha kwa programu yoyote halali. Vyuo vya ualimu vifundishe programu mbili badala ya moja, ili mwalimu ajue kwamba fomyula ni ile ile hata kitufe kikihamia upande mwingine. Kumbukumbu za shule zihifadhiwe katika mafaili yanayosomeka bila ruhusa ya mtu. Na yeyote atakayeleta programu, ya kulipia au ya bure, aulizwe kwanza amewatengea nini walimu. Namibia walikuwa na ujasiri, Extremadura walikuwa na serikali, Urusi walikuwa na hofu, na Dar es Salaam walikuwa na wataalamu na lugha. Kerala walikuwa na walimu waliolidai jambo hilo wenyewe kabla ya serikali kulikubali, na mtihani uliolilinda baada ya hapo. Yeyote anayetaka mtoto wa shule ya umma asome kompyuta kwa programu halali, isiyomfunga kwa kampuni yoyote, aanze kazi yake katika chumba cha walimu.